Kifyonza vumbi: Kwa nini wati nyingi si usafi zaidi

Anayeingia katika duka la vifaa vya umeme jijini Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kutafuta kifyonza vumbi, jambo la kwanza analooneshwa na muuzaji aghalabu ni tarakimu iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye kasha: wati 1,600, wati 2,000, wati 2,400. Huaminika kwamba kadiri tarakimu hiyo inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo zulia litakavyozidi kuwa safi. Imani hiyo si sahihi, na barani Ulaya ilichangia kutungwa kwa sheria.

Jambo hili lina uzito kwa wengi. Mashine ya kufyonza vumbi si anasa ya hoteli kubwa pekee. Hutumika katika misikiti iliyotandikwa mazulia ukuta kwa ukuta, katika sehemu za kuoshea magari, maofisini, na katika nyumba ambamo mtoto ana pumu na daktari amewaonya wazazi kuhusu vumbi. Kwa familia ya namna hiyo, mashine isiyofaa hupoteza fedha na vilevile huweza kulitoa vumbi kwenye zulia na kulirejesha hewani, tena likiwa laini zaidi kuliko awali.

Makala haya yanaeleza jinsi mashine hii inavyofanya kazi, namna wahandisi walivyoiboresha kwa zaidi ya karne moja, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyatazama kabla ya kutoa pesa yake.

Kazi hufanywa na hewa

Mashine hii, kwa kweli, haivuti vumbi moja kwa moja. Ndani yake mna feni inayozungushwa na mota kwa kasi kubwa. Feni huisukuma hewa iliyomo nje, na ndani hubaki hewa haba yenye mgandamizo mdogo. Hewa ya chumbani, ambayo katika usawa wa bahari ina mgandamizo wa takriban kilopaskali 100, hukimbilia ndani kujaza upungufu huo. Katika kukimbia kwake ndipo inapobeba mchanga, nywele na vumbi.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ya mashine. Cha pili ni wingi wa hewa inayopita kwa kila sekunde. Ukiuziba mdomo wa bomba kwa kiganja, tofauti ya mgandamizo hufikia kilele, lakini hewa haipiti na hakuna vumbi linaloondoka. Ukiliondoa bomba kabisa, hewa hupita kwa wingi, lakini nguvu ya kuinua punje ya mchanga hupotea. Mashine nzuri ni ile inayopata vyote viwili kwa wakati mmoja. Wahandisi huzidisha kipimo kimoja kwa kingine na kupata kile wanachokiita wati za hewa, yaani nguvu halisi ya ufyonzaji.

Wati zilizoandikwa kwenye kasha ni kitu kingine. Hizo ni kiasi cha umeme ambacho mashine inatumia. Ni sawa na kulipima lori kwa mafuta linayokunywa badala ya mzigo linaoubeba. Mashine mbili zenye wati 1,600 zinaweza kutofautiana sana katika ufyonzaji, iwapo moja ina feni iliyoundwa vizuri na njia ya hewa isiyo na vizuizi, na nyingine inageuza sehemu kubwa ya umeme huo kuwa joto na kelele.

Hata mahali mashine inapotumika huchangia. Katika jiji kama Nairobi, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Feni inayozunguka kwa kasi ileile huzalisha nguvu ndogo zaidi ya ufyonzaji huko juu kuliko pwani.

Kutoka kupuliza hadi kufyonza

Wazo la kutumia hewa kusafisha mazulia ni la karne ya 19. Mwaka 1860, Daniel Hess wa jimbo la Iowa nchini Marekani alipewa hataza ya kifaa chenye brashi inayozunguka na mivukuto ya kuvuta hewa. Mwaka 1869, Ives McGaffey wa Chicago alipata hataza ya mashine yenye feni iliyozungushwa kwa mkono. Mtumiaji alilazimika kuisukuma mashine huku akizungusha mkono wa feni, kazi iliyochosha na kutoa matokeo haba.

Wengine walijaribu kupuliza hewa kwa nguvu ili kulifukuza vumbi kutoka kwenye zulia hadi kwenye sanduku. Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alishuhudia mashine ya namna hiyo ikioneshwa jijini London mwaka 1901. Alitambua kasoro yake papo hapo: sehemu kubwa ya vumbi ilitawanyika chumbani. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, baadaye alikwenda mkahawani, akaweka kitambaa cha mkononi juu ya kiti, akaweka mdomo wake na kuvuta pumzi kwa nguvu. Alipaliwa na vumbi, lakini upande wa chini wa kitambaa ulikuwa umejaa uchafu. Jibu lilikuwa kufyonza kupitia kitambaa ambacho kingeruhusu hewa ipite na kuzuia vumbi.

Mashine ya Booth iliendeshwa kwa injini ya petroli na kukokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani na mabomba marefu yakapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Hata hivyo, ilikuwa huduma ya kukodi kwa watu wenye uwezo. Haikuwa chombo cha nyumbani.

Hatua ya kuifikisha nyumbani ilitoka kwa mfagizi. James Murray Spangler alikuwa akifanya usafi katika duka moja mjini Canton, jimbo la Ohio, na alikuwa na pumu. Vumbi lililotimuliwa na kifagio cha zulia lilimzidishia kikohozi. Akaunganisha mota ya feni ya umeme, brashi inayozunguka na foronya ya mto iliyotumika kama mfuko wa vumbi. Alipewa hataza mwezi Juni 1908. Haki za uvumbuzi huo zilinunuliwa na William Hoover, mfanyabiashara wa bidhaa za ngozi, ambaye jina lake lilienea kiasi kwamba Waingereza wengi hulitumia hadi leo kwa maana ya mashine yoyote ya kufyonza vumbi.

Brashi ya Spangler haikuwa pambo. Hewa peke yake huinua vumbi lililo juu, ila haiwezi kuung'oa mchanga ulionasa kwenye mashina ya nyuzi. Ni sababu ileile inayotufanya tulianike zulia kambani na kulipiga kwa fimbo. Mwaka 1926 kampuni ya Hoover iliongeza vipande vya chuma kwenye mhimili wa brashi ili vilipigepige zulia wakati likifyonzwa. Huko Skandinavia, kampuni ya Fisker & Nielsen ya Denmark iliuza mashine yake ya umeme kuanzia mwaka 1910, na mwaka 1921 Electrolux ya Sweden ilitoa mashine ya umbo la silinda iliyolala juu ya reli mbili na kukokotwa sakafuni kwa bomba lake. Umbo hilo ndilo asili ya mashine nyingi zinazouzwa leo.

Mfuko unaojiziba

Kwa miongo mingi, udhaifu mkubwa ulikuwa ni mfuko. Mfuko wa karatasi au kitambaa una kazi mbili zinazopingana: kupitisha hewa na kuzuia vumbi. Kila punje inayonasa huziba tundu moja. Baada ya muda mfupi hewa hupungua, hata kama mfuko haujajaa, na mashine huendelea kunguruma bila kusafisha.

Mwaka 1978, Mwingereza James Dyson alianza kulishughulikia tatizo hilo. Alikuwa ameona mitambo mikubwa katika viwanda vya mbao inavyoondoa unga wa mbao hewani kwa kuizungusha hewa ndani ya pia kubwa ya chuma. Kanuni yake haikuwa ngeni viwandani, ila kuipunguza hadi itoshee nyumbani kulichukua miaka. Dyson amesema kwamba alitengeneza vielelezo 5,127 kabla ya kufanikiwa. Mashine yake iliuzwa Japani katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 akaanza kuiuza kwa jina lake mwenyewe nchini Uingereza.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Hewa huingizwa pembezoni mwa chombo cha umbo la pia, nayo huzunguka kama kimbunga. Vumbi ni zito kuliko hewa, hivyo hushindwa kukata kona, hugonga ukuta na kuporomoka chini. Hewa hutokea katikati. Kadiri pia inavyokuwa nyembamba, ndivyo hewa inavyolazimika kupinda kwa ukali zaidi na ndivyo punje ndogo zinavyotupwa nje. Kwa sababu hiyo mashine za baadaye zina pia ndogo nyingi zilizopangwa kwa duara, kila moja ikipokea sehemu ya hewa.

Mfuko haukufa, hata hivyo. Mifuko ya kisasa ya nyuzi za sintetiki, yenye tabaka kadhaa, hunasa vumbi laini na kuziba polepole kuliko ile ya karatasi. Tena ina faida moja kwa mwenye pumu: hutupwa ikiwa imefungwa, ilhali kopo lisilo na mfuko hulazimu mtu alimwage vumbi mbele ya pua yake.

Chujio la mwisho

Hewa iliyoingia lazima itoke, na hapo ndipo afya ya wakazi wa nyumba huamuliwa. Punje laini kabisa, ambazo mfuko au kimbunga kimeshindwa kuzinasa, hurudi chumbani na kubaki zikielea kwa muda mrefu.

Suluhisho lilitokana na mradi wa bomu la atomiki nchini Marekani katika miaka ya 1940, ambapo wanasayansi walihitaji kuzuia chembe zenye mnunurisho zisisambae. Vichujio vilivyotokana na kazi hiyo hujulikana kwa jina la HEPA. Kwa kipimo cha Marekani, kichujio cha aina hiyo kinapaswa kunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Kwa kulinganisha, unywele wa binadamu una upana wa takriban mikromita 70.

Wengi hudhani kwamba HEPA ni chekeche yenye matundu madogo mno. Sivyo. Ni msitu wa nyuzi uliokunjwakunjwa. Chembe kubwa hugonga nyuzi kwa sababu haziwezi kuzikwepa. Za wastani hugusa nyuzi zinapopita kandokando. Zile ndogo kabisa husukwasukwa na molekuli za hewa, huyumba huku na huku, na mwishowe hunasa. Zinazosumbua zaidi ni zile za katikati, karibu na mikromita 0.3, na ndiyo maana kipimo kiliwekwa hapo.

Ila kichujio bora kwenye mashine yenye mianya hakina faida. Hewa hupita penye upinzani mdogo, hivyo mpira wa kuziba ulioharibika huifanya hewa chafu ikizunguke kichujio. Kinachotakiwa ni mashine nzima iliyozibwa barabara. Neno HEPA kwenye kasha pekee halitoshi.

Mota ndogo, kasi kubwa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mashine hizi zilitumia mota yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Mota hiyo ni nafuu na hufikia mizunguko elfu 30 hivi kwa dakika. Hata hivyo, kaboni husuguliwa na kwisha, hutoa cheche, na huongeza vumbi lake jeusi. Mafundi wa mitaani wanaifahamu vyema harufu ya kuungua inayotokea kaboni zinapokwisha.

Mota mpya hazina kaboni. Sehemu inayozunguka ni sumaku ya kudumu, na koili zilizoizunguka huwashwa na kuzimwa na saketi ya kielektroniki kwa zamu. Hakuna msuguano wa kaboni, hivyo kasi huweza kupandishwa mno. Mwaka 2009 Dyson ilitoa mashine ndogo ya mkononi yenye mota ya mizunguko 104,000 kwa dakika, na mwaka 2018 nyingine iliyofikia 125,000. Feni inayozunguka kwa kasi hiyo inaweza kuwa ndogo na bado ikasukuma hewa ya kutosha.

Mota nyepesi pamoja na betri za lithiamu ndizo zilizoikata waya. Mashine ya mkononi isiyo na waya ilikuwapo tangu mwaka 1979, pale kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilipotoa kifaa kilichofaidika na uzoefu wake wa kutengeneza drili ya betri kwa ajili ya safari za mwezini. Lakini betri za wakati ule zilitosha makombo ya mezani tu. Za leo huweza kusafisha nyumba nzima, ingawa kwa nguvu ya juu kabisa nyingi hudumu dakika chache, na betri huchakaa kabla ya mota.

Roboti nazo zilifuata: Trilobite ya Electrolux mwaka 2001 na Roomba ya kampuni ya iRobot mwaka 2002. Zile za mwanzo zilitangatanga hadi zikagonga kiti. Nyingi za sasa huchora ramani ya nyumba kwa miali ya leza au kwa kamera. Urahisi huo una gharama yake. Mwaka 2022 iliripotiwa nchini Marekani kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio ndani ya nyumba za watu, nyingine za faragha kabisa, zilivuja mtandaoni.

Ulaya yaweka kikomo

Mwanzoni mwa muongo uliopita, mashine za wati 1,800 na zaidi zilikuwa za kawaida katika maduka ya Ulaya. Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni mwaka 2013. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2014, mashine mpya hazikuruhusiwa kuzidi wati 1,600. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2017, kikomo kikashushwa hadi wati 900, kelele isizidi desibeli 80, mota iweze kudumu angalau saa 500, na bomba listahimili kupindwa mara 40,000.

Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalilalamika kwamba nyumba zingebaki chafu, na wateja wengine wakakimbilia kununua mashine kubwa kabla ya siku ya mwisho. Watengenezaji waliitikia kwa kurekebisha feni, kunyoosha njia za hewa na kubadili umbo la mdomo wa kufyonzea. Mashine za chini ya wati 900 ziliendelea kuuzwa na kusafisha mazulia.

Sehemu moja ya mpango huo ilianguka mahakamani. Pamoja na kikomo cha wati, Ulaya ilikuwa imeanzisha lebo ya kuonesha ubora wa kila mashine. Kampuni ya Dyson ilipinga, ikidai kwamba vipimo vilifanywa mashine ikiwa tupu, ilhali mwananchi huitumia ikiwa na vumbi ndani. Mwezi Novemba 2018, Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilikubaliana na hoja hiyo na kuifuta kanuni ya lebo. Kikomo cha wati 900 hakikuguswa.

Nini cha kuangalia dukani

Kikomo hicho hakifiki katika soko letu. Mashine za wati 2,000 huendelea kuuzwa, na nyingine huingia zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mnunuzi azingatie haya.

Kwanza, volti. Umeme wa majumbani katika nchi za Afrika Mashariki ni kati ya volti 220 na 240. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja huungua, na huweza kuwasha moto. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na gharama yake mara nyingi hufuta unafuu wa mtumba.

Pili, vipuri. Uliza kama mifuko, vichujio na kaboni za aina hiyo zinapatikana mjini. Mashine nzuri isiyo na mifuko haina thamani baada ya miezi mitatu.

Tatu, sakafu yako. Kwa saruji na vigae, ufagio na kitambaa chenye maji hufanya kazi nzuri. Mashine ina manufaa zaidi penye mazulia, makochi, magodoro na viti vya gari. Kwa zulia nene, tafuta yenye brashi inayozungushwa na mota. Kwa jamvi au mkeka wa ukindu, brashi hiyo huharibu nyuzi, hivyo izimwe.

Nne, kisichofyonzwa. Majivu ya moto huweza kuuwasha mfuko. Unga wa saruji huziba kichujio kwa dakika chache. Maji kwenye mashine isiyotengenezwa kwa maji huweza kumpiga mtumiaji umeme.

Tano, matunzo. Mashine iliyopoteza nguvu aghalabu haijafa. Chomoa waya ukutani, kagua bomba kama limezibwa na soksi au karatasi, ondoa nywele zilizojiviringisha kwenye brashi, badilisha mfuko kabla haujajaa pomoni, na safisha kichujio kama kimeandikwa kwamba huoshwa. Kikioshwa, kikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu, wataalamu wa afya hushauri kwamba mgonjwa asiwe ndiye anayefyonza, na akae nje ya chumba hadi hewa itulie, hata kama mashine ni ya kisasa. Spangler hakuwa na hiari hiyo mwaka 1907. Alikuwa mgonjwa na ndiye aliyekuwa mfagizi.